Buti zilizooza Kilosa, zikafufuka Mikumi

Jua halijachomoza vizuri Mikumi, na Shamimu Mwinshehe anaziinua buti zake kwa visigino, anazigeuza juu chini na kuzigonga ukutani. Anagonga ya kushoto, anagonga ya kulia, kisha anachungulia ndani. Nge aliwahi kulala humo, na tangu siku hiyo mama huyu hakiamini kiatu kilicholala barazani.

Leo hamna nge. Anavuta soksi nene, anaingiza mguu, anakaza kamba, anasimama na kupiga hatua mbili tatu za kujaribu. Halafu badala ya kuchukua beleshi lake aende kazini, anakaa tena kitandani na kushusha pumzi.

"Leo ndiyo leo," anasema. "Wakizikataa hizi, mimi nimekwisha."

Ana sababu. Kampuni mpya imechukua kazi ya kufyeka majani na kuzibua mitaro pembezoni mwa barabara, na leo afisa usalama wake anapita kukagua viatu vya vibarua wote. Mwenye buti zisizofaa anarudi nyumbani mpaka apate nyingine. Kwa wanaume si msiba mkubwa, maana maduka ya Mikumi yana buti za namba arobaini na moja kwenda juu. Shamimu anavaa thelathini na tisa, tena mguu wake ni mpana kwa mbele.

"Ukiingia dukani ukasema thelathini na tisa, wanakutolea viatu vya harusi," anasema, na kicheko kinamponyoka hivyo hivyo na hofu yake.

Buti zenyewe, ukizitazama, lazima utazame mara ya pili. Juu ni ngozi nyeusi safi, imekunjamana pale tu vidole vinapokunjika. Chini ni tairi. Tairi la gari kabisa, na mistari yake ya kukamatia barabara bado inaonekana, limeshonwa kwa uzi mnene wa nailoni kuzunguka mguu mzima. Shamimu amezivaa hivyo miaka minne, masika na kiangazi, na miguu yake imetulia. Lakini mguu kutulia ni jambo moja, na afisa kuridhika ni jambo jingine.

Shamimu ana umri wa miaka 46. Alizaliwa Masanze kwa wakulima wa mahindi na mpunga, akaolewa Magomeni, Kilosa mjini. Siku za kazi anaishi Mikumi kwenye chumba cha kupanga, na mwisho wa wiki anarudi kwa mumewe, Mudi, ambaye ana genge la mboga karibu na nyumba yao. Kibarua cha siku ni shilingi elfu kumi na mbili, na yeye kama kiongozi wa kundi anaongezewa kidogo. Pesa hiyo ndiyo inayoendesha nyumba genge linapolala.

Ili kuelewa kwa nini mtu anakosa usingizi kwa ajili ya viatu, inabidi kurudi nyuma, kwenye siku za ujenzi wa reli mpya. Shamimu alikuwa anapika kwenye kambi ya wafanyakazi nje kidogo ya Kilosa. Kambini alikuwapo mpima ardhi mmoja, dada aitwaye Joyce, ambaye mguu wake ulilingana na wa Shamimu sawasawa. Walikuwa wanaazimana ndala za kuogea. Mkataba wa Joyce ulipokwisha, alimwachia mpishi wake zawadi: buti mpya za kazi, ndani ya boksi, na karatasi zake laini bado zimejaa kwenye vidole.

"Aliniambia maneno matatu tu," anakumbuka Shamimu. "Vaa, dada Shamimu."

Hakuvaa.

Msomaji asimcheke haraka, maana huenda na kwake kuna kabati. Katika nyumba aliyokulia Shamimu kulikuwa na nguo za kushindia na nguo za kutokea. Kulikuwa na vikombe vya bati vya kila siku, na kulikuwa na vikombe vya maua ya waridi ambavyo mama yake alivifuta vumbi kila Ijumaa na kuvirudisha mahali pake. Kitu kizuri kinawekwa. Akiba haiozi, walisema wahenga, na hakuna aliyewahi kuwabishia.

"Mama amefariki hajanywea chai vikombe vyake," anasema Shamimu. "Nami ndiye binti yake."

Basi buti zikatiwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ukafungwa fundo, fundo likaingia ndani ya sanduku la bati, na sanduku likasukumwa chini ya kitanda. Huko zikakaa miaka.

Miaka hiyo hiyo kambi ilifungwa, na Shamimu akaingia kwenye kazi ya barabara. Ili aruhusiwe, alinunua buti za mtumba za kiume, namba arobaini na tatu, akazijaza vipande vya kitenge kikuukuu mbele na nyuma. Mguu ukawa unaogelea humo ndani. Visigino vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena palepale. Kucha za dole gumba zilibadilika rangi, zikawa nyeusi, na siku moja akavua soksi ukucha ukabaki humo. Goti nalo likaanza kulalamika, kwa sababu mtu anayeburuza kiatu anatembea na kiuno chote.

Wanaume wa kundini walidhani anadeka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jioni akirudi, Mudi alimwekea karai la maji ya moto na chumvi. Mudi ni mtu wa maneno machache, lakini jambo hili mpaka leo linamtoa maneno.

"Mke wangu alikuwa analala juu ya dawa, halafu anaumwa," anasema. "Dawa iko uvunguni! Nikimwambia, mama, si uvae zile, ananitazama utadhani nimemwambia auze nyumba."

Shamimu hajikingi. "Nilikuwa nasubiri kazi ya kulingana nazo. Matope yale, na buti mpya zile? Hata wewe!"

Kazi ya kulingana nazo ikaja. Aliteuliwa kuongoza kundi la Mikumi, lenye vibarua wa kike na wa kiume. Usiku wa kuamkia safari sanduku likavutwa, fundo likafunguliwa, na buti zikatoka zikinukia ngozi mpya. Mudi mwenyewe alizipaka dawa ya viatu, ingawa hazikuihitaji. Shamimu alipoingiza mguu, anasema, alitaka kulia kwa raha. Hakuna kitenge, hakuna kuogelea. Mguu ulikuwa umefika kwao.

Asubuhi ile pale Mikumi kila mtu alizitazama. Deogratias, kibarua ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alizunguka akimkagua toka juu hadi chini.

"Kiongozi," akauliza, "umekuja kazini au unakwenda kuvishwa pete?"

Walicheka wote, naye akacheka. Ilikuwa karibu na saa sita ndipo Shamimu alipoanza kuhisi anakanyaga ugali. Ardhi ilikuwa kavu, lakini kisigino kilikuwa kinazama. Akadhani ni uchovu. Nyuma yake palikuwa na chembe nyeusi, zimemfuata njia nzima.

"Kiongozi, unamwaga nini?" akaita Deogratias. "Mkaa?"

Shamimu aliteremka mtaroni kuonyesha namna ya kuzibua kalvati. Alipojaribu kutoa mguu kwenye tope, mguu ulitoka, ngozi ikatoka, soli ikabaki chini. Alipoikamata ilimeguka mkononi kama andazi la juzi. Ya pili haikufika hata mbali. Ilijiachia yenyewe akiwa anapanda juu.

Leo anaisimulia akijipiga mapaja kwa kucheka. Siku ile hakucheka.

"Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia mbele ya watu ninaowaongoza. Sikulilia buti. Nililia ile miaka yote. Kucha zangu, goti langu, karai la Mudi. Kumbe nilikuwa naumia ili nitunze vumbi!"

Msimamizi wa wakati huo hakuwa mkali, lakini sheria ilikuwa sheria: bila buti hakuna kazi, na Jumatatu kiongozi asipoonekana, atateuliwa mwingine. Deogratias alinyamaza, jambo ambalo wenzake wanasema lilikuwa la kutisha. Kisha akatoa ndala alizokuwa nazo kwenye begi, akamvisha kiongozi wake, akaokota zile ngozi mbili na kumwambia: "Twende kwa Sironga."

Mzee Sironga anakaa sokoni Mikumi, kwenye kibanda kilichozungukwa na matairi. Ni mfugaji aliyepunguza kutembea baada ya nyonga kumsumbua, na sasa anashona katambuga, zile ndala za tairi ambazo wafugaji wa tambarare wanatembea nazo kutwa nyuma ya ng'ombe. Watu wa mjini nao huzinunua, kwa sababu haziishi.

"Shikamoo mzee," alisema Shamimu, ngozi mbili zikining'inia mkononi.

"Marahaba, mama. Mbona umebeba maiti?"

Alizipokea, akazibonyeza kwa dole gumba, akazikunja, akazinusa. Kisha akatoa hukumu yake. "Ngozi iko hai. Kilichokufa ni cha chini."

Akamweleza kwamba ameletewa za namna hiyo zaidi ya mara moja. Soli zake ni nyepesi, ndani zina sponji, na ni nzuri sana mguuni. Lakini ukizifungia mahali penye joto na unyevunyevu zinajila zenyewe kimya kimya, na huoni kitu mpaka siku ya kukanyaga. Zikivaliwa zinaisha kwa kazi, tena unaona zinavyoisha, na hazikutegi.

"Wanaoniletea," aliongeza mzee, "ni watu wanaopenda sana viatu."

Shamimu anasema angeona shimo angeingia.

Sironga hakujifanya anaweza kila kitu. Alimwambia wazi kwamba hajawahi kuweka tairi chini ya buti. Katambuga iko wazi, inapumua, inakunjika. Buti ni nyumba yenye kuta. Akikosea kutoboa, ngozi imekwenda, na nyingine hakuna. Shamimu alizitazama zile ngozi alizozificha miaka yote zisije zikapata hata mkwaruzo.

"Toboa, mzee," akasema.

Mara ya kwanza mzee alikosea. Alichagua tairi la lori kwa kuwa alitaka buti zisiishe, na kweli zisingeisha. Zingemmaliza mwenyewe kwanza. Soli haikukunjika hata kidogo, na Shamimu alizunguka nazo Jumamosi nzima akitembea mithili ya mtu aliyefungwa mbao miguuni. Jioni visigino vilikuwa na malengelenge. Jumapili asubuhi alirudi sokoni akichechemea, na Jumatatu ilikuwa mlangoni.

"Nilimshonea tembo," anakiri Sironga, na meno yake machache yanaonekana. "Nilifikiria nguvu peke yake. Nikasahau ndani kuna mtu."

Alifumua uzi wote. Safari hii alikata tairi la gari dogo, akalipunguza kwa kisu pale mguu unapokunjikia. Mbele akaliinua kidogo, kama wafugaji wanavyopenda katambuga zao, ili hatua ijiviringishe yenyewe na paja lisifanye kazi ya kuinua. Ndani akaweka tabaka lililokatwa kwenye ndala kuukuu, laini, chini ya kisigino. Akachukua msharasi, ile sindano yake nene, akapita kwenye matundu yale yale ya kwanza ili asiijeruhi ngozi mara ya pili. Shamimu alikaa pembeni akimtazama, na kila msharasi ulipoingia naye alifumba macho.

Alipozivaa alitembea mpaka mwisho wa soko na kurudi. Mzee hakuuliza kama zinambana. Aliuliza anawaza nini.

"Nawaza kama Mudi amekula," Shamimu akajibu.

"Basi zimekaa," akasema Sironga. "Mfugaji akitembea kutwa hafikirii kiatu. Ukikifikiria, kuna mahali kimekosewa."

Kabla hajamruhusu kuondoka alimpa sharti: avae kesho, na keshokutwa, na siku zote. Akimwona sokoni na viatu vingine huku hizi zimelala, atafumua uzi wake aondoke nao.

Jumatatu kiongozi alikuwa mtaroni kabla ya kundi lake. Tangu hapo soli imebadilishwa mara moja tu. Kucha zimeota zote. Goti limenyamaza, na karai sasa Mudi analowekea mchicha. Matunzo yake ni machache: ngozi anaipaka mafuta ya mnyama anayopewa na Sironga, buti zikilowa hazianikwi jikoni hata iweje, na ndani anajaza magazeti yavute maji.

"Magazeti yenu yananisaidia sana," anamwambia mwandishi kwa heshima zote.

Ndizo hizo buti zinazokwenda kukaguliwa leo.

Afisa usalama, Naomi, anafika na gari dogo jeupe. Ni msichana ambaye angeweza kuwa binti wa nusu ya kundi, na jambo la kwanza analofanya ni kuamkia. "Shikamoo mama." Shamimu anaitikia, "Marahaba mwanangu." Kisha anaombwa avue.

Kabla yake vibarua wawili wamekwishaondolewa. Mmoja alikuwa na buti mpya kabisa za dukani, lakini soli yake laini imemtelezesha kwenye zege lenye maji mpaka akakaa chini. Shamimu amesimama na soksi juu ya kizibao chake cha kung'aa alichokitandika chini, mikono ameifumbata tumboni. Deogratias amesimama nyuma yake na leo hana utani wowote.

Naomi anagonga vidole vya buti kwa nyundo ndogo. Chuma cha ndani kinaitika. Anazikunja. Anavuta uzi. Kisha anazigeuza na kuziinamia.

"Mama, hii soli imetoka wapi?"

"Sokoni."

"Kwa nani?"

"Kwa mzee Sironga, anayeshona katambuga."

Mtu mmoja anacheka puani na kunyamazishwa kwa jicho. Naomi hacheki. Anamrudishia, anamwambia azivae na abebe beleshi, ateremke mtaroni mpaka kwenye kalvati, akanyage lile zege lenye maji na kupanda upande wa pili. Shamimu anateremka. Kwenye zege anapunguza mwendo, anakanyaga, tairi linakamata. Anapanda. Naomi anamwambia arudie akiwa na mzigo wa tope, naye anarudia.

Naomi anapitisha kidole kuzunguka mshono mara nyingine, na Shamimu anamtazama usoni tu.

"Huu uzi umelika sehemu mbili, upelekwe kwa fundi wiki hii," anasema hatimaye. "Lakini mimi nimekuja kuangalia kama kiatu kinakulinda. Hiki kinakulinda." Anachovya brashi kwenye kopo na kupiga alama ya rangi ya kijani kwenye kisigino, kushoto na kulia.

"Alhamdulillahi!" Shamimu anapiga kelele. Vigelegele vinapasuka, lori linalopita linapiga honi bila kujua sherehe ni ya nini, na Deogratias, aliyebanwa asubuhi nzima, anapata mdomo wake tena.

"Afisa, na mimi nipake hiyo rangi, angalau nipendeze!"

Shamimu anakaa kwenye ukingo wa mtaro, ukingo ule ule wa siku ile, miguu ameinyosha mbele, anazitazama alama mbili za kijani. Anasema hatalia. Halafu anajifuta macho kwa mtandio na kudai ni jasho.

Kabla ya kuondoka Naomi anamwahidi kwamba ataomba kampuni ilete na namba ndogo, kwa ajili ya wanawake wote wa kundi. Anamshauri pia atafute jozi ya pili, azivae kwa zamu, ili hizi zipate siku ya kukauka.

Jumamosi Shamimu yuko Magomeni, kwenye mkeka barazani kwake. Mudi amefunga genge mapema. Habari alizipata kwa simu siku ile ile, na tangu hapo amekwisha kuwasimulia wateja wake wote, hata waliokuja kununua nyanya mbili.

"Mungu si Athumani," anasema, akimimina chai.

Chai inamiminwa kwenye vikombe vya maua ya waridi. Vilikuwa vya mama yake Shamimu, yule aliyevifuta kila Ijumaa. Kimoja kimekatika mkono.

"Kilianguka Ramadhani iliyopita," anaeleza Shamimu, na anakinyanyua kukionyesha. "Kilianguka kikitumika."

Mpango wake uko tayari. Mwisho wa mwezi atapanda basi kwenda Morogoro, akatafute buti namba thelathini na tisa, pana mbele, apite maduka yote mpaka apatikane muuzaji asiyemtolea viatu vya harusi. Zikiisha soli, anamjua fundi. Na wanawake wenzake wa kundini wameshaanza kumwuliza njia ya kibanda cha Sironga.

Mudi anamtazama kwa jicho la pembeni. Anauliza kama alisafishe lile sanduku la uvunguni, zije zipate pa kukaa.

"Liache," anasema Shamimu. "Humo sasa anataga kuku." Anakunywa chai yake, anajinyosha, miguu yake yenye kucha zote ikiwa peku juu ya mkeka. "Hizo nitazivaa humo humo dukani, nitoke nazo. Boksi wabaki nalo wao."